Siku Tatu za Khamis wa Mize

Wanangu wa maabara, siku ya kuniaga mlinikalisha kwenye kiti kilichofungwa maputo, mkanilisha keki kama bi harusi, kisha mkaniambia, "Bi Mwanahawa, tuandikie mlivyokuwa mnafanya kazi zamani." Zamani! Utadhani niliajiriwa na Mjerumani. Haya, naandika. Vyeo sitavitaja, maana vingine nilipewa kwa sababu tu hakuwa amebaki mtu mwingine. Nitaandika kazi yenyewe. Na humo kuna jambo moja ambalo mpaka leo sijalielewa. Nikifika hapo mnivumilie, majibu sina.

Nilitoka kwetu Mwera na sanduku la bati, juu ya lori la nazi, nikaingia hospitali yetu nikiwa na cheti kipya na viatu vya kuazima. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mkuu wa maabara alikuwa Mzee Mhina, Mbondei wa Muheza, mtu mwembamba, koti lake jeupe limeshonwa kiraka juu ya kiraka. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Unajua kuosha chupa?"

"Nina cheti, mzee."

"Sikuuliza cheti."

Basi nikaosha chupa. Wiki tatu nzima, chupa. Usiku nikilala naziota. Na kuosha kwenyewe ilikuwa kwa jivu na majani ya mpapai, kwa kuwa sabuni ilikuwa haionekani. Nyinyi hamkuiona miaka ile. Ukiingia dukani unakuta rafu na muuzaji, basi. Foleni ya sukari unaipanga bila kujua kama sukari ipo, na mara nyingine unamuuliza aliyeko mbele, "Hii foleni ya nini?" naye anakujibu, "Sijui dada, nimekuta watu."

Hospitali nayo iliishi hivyo hivyo. Gozi, kile kitambaa chembamba cha kufungia vidonda, zilifuliwa, zikachemshwa, zikaanikwa juu ya ua wa michongoma, zikarudi kazini, mara tano, mara sita, mpaka ukiishika inapitisha mwanga kama buibui la mtoto wa tajiri. Maji ya bomba yalipokatika, na yalikatika zaidi ya yalivyotoka, zilifuliwa kwa maji ya kisima kilichokuwa nyuma ya jiko. Kisima chenyewe kilikuwa karibu na bahari. Ukinywa maji yake uso unajikunja wenyewe. Sisi maabara tulikuwa na mtungi wetu wa kuchemshia maji na kukusanya mvuke wake, ndiyo maji tuliyopimia. Kwa hiyo ya kisima hayakutuhusu. Ndivyo nilivyodhani.

Mzee Mhina alikuwa na neno lake moja. "Kabla hujapima kitu, pima utupu." Maana yake, kama unatafuta sukari kwenye mkojo, kwanza fanya kipimo kile kile bila mkojo, uone chupa na dawa zako zenyewe zinasema nini. Alinirudisha kwa neno hilo mpaka nikawa namkasirikia kimoyomoyo. Alipostaafu akarudi kwenye michungwa yake, mimi nikaachiwa meza yake, hadubini yake ya kutumia kioo na jua, na ufunguo wa kabati.

Kisha ikaja ruksa, biashara zikafunguliwa. Jamani, sikumbuki ilianza lini. Nakumbuka tu kwamba siku moja madukani kulikuwa na sabuni za rangi tatu, na watu wanazinusa bila kununua. Hospitali nayo ikaanza kuletewa maboksi. Tukapata gozi mpya, zimefungwa kwenye pakiti za karatasi zinazong'aa. Wodi walizitumia siku hiyo hiyo. Mimi za kwangu nikazifungia kabatini. Akiba haiozi. Nilikuwa nimeshaona rafu tupu, sikuamini hata kidogo kwamba zile pakiti zitaendelea kuja. Nikaendelea na gozi zangu za kisima.

"Shoga, hizo mpya unaziweka za kukuzikia?" alikuwa akiniuliza Sista Hadija, mkuu wa wodi ya watoto wachanga. Hadija alikuwa wa Chumbageni, mnene, mcheshi, sauti yake inatangulia yeye mwenyewe anafuata.

"Zikikosekana utakuja kunipigia magoti," nilimjibu.

Miongoni mwa vitu vya maboksi ilikuwamo mashine ya kugeuza dawa kuwa mvuke. Ina pampu ya umeme, mpira, kikombe kidogo cha kutilia dawa, na barakoa ya kumfunika mgonjwa pua na mdomo. Ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya watu wazima. Barakoa yake ukimwekea mtoto mchanga inammeza uso mzima mpaka kidevu kinabaki ndani. Lakini ndiyo iliyokuwepo, na Daktari Zarina akaanza kuitumia.

Daktari Zarina alikuwa binti wa Kihindi, baba yake na duka la vitambaa mjini. Alikuwa mdogo kwangu kwa umri, anasema polepole, na hana aibu ya kusema "sijui", jambo ambalo kwa daktari nililiona mara chache sana. Siku hiyo alikuja mwenyewe maabara, hakutuma mtu.

"Bi Mwanahawa, nina mtoto wodini, Khamis. Kazaliwa kabla ya siku zake, sasa ana wiki tatu, kifua kimebana, kinapiga miluzi. Nampa dawa ya kufungua kifua kwa ile mashine. Moyo wake unakwenda mbio sana."

"Pole yake."

"Shida yangu ni hii. Dawa ikizidi, moyo unakwenda mbio. Na mtoto akikosa hewa, moyo unakwenda mbio vilevile. Sijui kama nipunguze au niongeze. Mvuke mwingi unamwagika nje, Hadija analowa mkono mzima. Nataka kujua kinachoingia kwa mtoto ni kiasi gani."

"Daktari, mimi napima kinyesi na damu. Pumzi sijawahi kuipima."

"Na mimi pia sijawahi," akasema, akakaa kwenye kigoda changu kama mtu asiye na safari nyingine.

Tukalifikiria pamoja. Dawa yenyewe hatukuwa na namna ya kuipima. Lakini chumvi nilikuwa na namna. Ukitia maji ya chumvi dawa ya manjano, kisha ukayadondoshea dawa fulani ya fedha, yanaganda meupe kama maziwa yaliyokatika. Chumvi ikiisha, tone linalofuata linageuza rangi kutoka manjano kuwa ya tofali. Unahesabu matone, unajua chumvi ilikuwa kiasi gani. Basi tutie maji ya chumvi kwenye kikombe cha mashine badala ya dawa, tuone kiasi gani kinafika kooni mwa mtoto.

Na mtoto? Mtoto tulimtengeneza. Mdomo ulikuwa chuchu ya chupa ya maziwa niliyoipanua tundu kwa sindano ya moto. Koo lilikuwa kipande cha gozi nilichokikunja nyuma ya chuchu, kinase mvuke wote unaopita. Mapafu yalikuwa sirinji ya kioo: nikivuta, mtoto kavuta pumzi, nikisukuma, katoa. Pumzi ya mtoto mchanga ni ndogo sana, jamani, haijazi hata kijiko cha chakula, lakini anavuta haraka haraka. Nikawa navuta na kusukuma huku Hadija akihesabu kwa saa ya ukutani. Mkono ulivimba. Hadija akampa mtoto wetu jina, Kibwana, na kila akipita anamjulia hali.

Nilipima utupu kwanza, msidhani nilisahau. Nilifungua kabati, nikakata kipande kimoja kidogo cha gozi mpya, moyo ukiniuma. Niliona kwamba kipimo cha utupu kinataka kitu safi kabisa. Nikakilowanisha kwa maji yetu, nikadondosha dawa ya fedha. Hakuna kitu. Safi. Nikarudisha pakiti kabatini, nikafunga, nikaendelea na Kibwana kwa gozi za kufuliwa.

Majibu yalinichanganya tangu siku ya kwanza. Leo chumvi nyingi, kesho kidogo, keshokutwa nyingi kupita ya juzi, na mimi mkono ni ule ule na saa ni ile ile. Nikabadili barakoa, nikaisogeza, nikaibana. Haikuleta tofauti ya kueleweka. Nikajiuliza kama ni joto, kama ni upepo wa dirishani, kama ni mimi. Lakini hata siku ya kidogo, ilikuwa nyingi. Kwa hesabu zangu karibu nusu ya kilichotiwa kwenye kikombe kilikuwa kinafika kooni.

Nikampelekea Daktari karatasi. Akaisoma mara mbili.

"Nusu? Mbona nyingi hivyo?"

"Ndivyo vipimo vinavyosema."

"Una hakika?"

Hapo wanangu ndipo pa kunikumbuka. Nilikuwa nimechanganyikiwa siku zote zile, na ningeweza kusema hivyo, yeye mwenyewe alinionyesha kwamba si aibu. Lakini nilikuwa na cheti, na meza ya Mzee Mhina, na daktari amekuja kwangu kwa miguu yake. Nikasema, "Nina hakika."

Basi ikaonekana moyo unakimbizwa na dawa iliyozidi, na siku hiyo hiyo Khamis akapunguziwa, chini ya nusu.

Mama yake Khamis alikuwa Mize, msichana wa Pemba aliyeolewa Tanga, mume yuko safarini na mali zake. Alikuwa mkimya. Mwanawe hajatimiza arobaini, kwa hiyo alikuwa akimfunika uso kwa kanga kila mtu mgeni akiingia wodini, kwa kuogopa jicho. Mimi nilipoingia kutazama barakoa inavyokaa alimfunika. Kesho yake nilipopita, hakumfunika. Nikaelewa kwamba nimeshakuwa mtu wa pale, nikafurahi, mjinga mimi.

Siku ya kwanza baada ya kupunguza, Hadija alisema mtoto yuko vilevile. Siku ya pili alisema mbavu zinaingia ndani kila akivuta. Siku ya tatu hakunitania, na nilipomuuliza habari za Khamis alisema, "Hanyonyi. Anashika titi, anachoka, anaachia." Daktari alidhani ni ugonjwa unazidi. Mimi nilidhani vivyo hivyo. Nani angedhani vingine, na karatasi ipo?

Siku hiyo ya tatu, asubuhi, nilikuwa nimemtayarisha Kibwana kwa kipimo kingine. Nimetia maji ya chumvi kwenye kikombe, nimeweka gozi, nimeandika namba kwenye chupa. Nikawasha, kimya. Umeme umekwenda. Nikaichomoa gozi nikaitia kwenye chupa yake, isije ikapata vumbi, nikaenda kutazama damu za watu kwa hadubini ya jua. Adhuhuri nikairudia ile chupa, nimeshasahau kabisa kwamba mashine haikulia. Nikadondosha, nikahesabu, nikaandika. Chumvi karibu sawa na jana.

Nikaja kuosha kikombe cha mashine. Kimejaa. Tone halijapungua.

Nilisimama pale na kikombe mkononi. Lahaula! Mtoto kavuta mvuke wa mashine iliyolala? Nikamwita Hadija aone, nikidhani labda macho yangu.

"Shoga," akasema, "huyu Kibwana wako anavuta na mashine imezimwa? Huyu si mtoto, huyu jini."

Nikatazama dawa ya fedha. Nikatazama maji ya mvuke. Nikafungua mtungi, nikaonja. Yako sawa. Nikatazama ile sahani ya gozi zangu, nyeupe, zimechemshwa, zimekunjwa vizuri. Nikachukua moja nikailamba. Msinikunjie uso. Nililamba.

Ilikuwa na chumvi kama dagaa.

Miaka yote ile ya kisima, chumvi ilikuwa inakauka ndani ya nyuzi kila zinapofuliwa. Gozi moja imefuliwa mara tatu, nyingine mara sita, ndiyo sababu majibu yalikuwa yanaruka. Nilikuwa nimepima maji ya kisima na kuyaita pumzi ya mtoto. Na ile ya kupimia utupu niliichagua safi, mpya, ya kabatini, isiyofanana na zile nyingine kwa lolote! Mzee Mhina angenirudisha kwenye kuosha chupa, na ingekuwa haki yake.

Nikaelekea wodini. Njia ni fupi, lakini nilisimama mara mbili. Nilikuwa nafikiri: kama nikinyamaza na kurudia vipimo kimyakimya, nikaleta karatasi nyingine kesho, nani atajua? Hata hilo nililifikiria, siwafichi. Halafu nikamkumbuka mtoto anayeshika titi na kuliachia.

Daktari Zarina alikuwa ameinama juu ya Khamis. Nikasema pale pale, "Daktari, ile karatasi ni ya uongo. Chumvi ilikuwa kwenye gozi. Sijui kinachoingia ni kiasi gani, lakini si nusu. Huenda si chochote."

Hakunifokea. Aliuliza, "Tangu karatasi ya kwanza?"

"Tangu ya kwanza."

"Siku tatu," akasema. Akanyoosha mgongo, akamwambia Hadija arudishe dawa kama mwanzo mara umeme utakaporudi, kisha akanitazama. "Nilikuuliza kama una hakika." Basi. Mpaka leo ningependa angenipiga kofi.

Nilifungua kabati, nikapasua pakiti zote. Umeme uliporudi alasiri nikaanza upya na Kibwana, gozi mpya kwa kila kipimo, na utupu kwa gozi hizo hizo mpya. Sasa majibu yakatulia. Kilichofika kooni kilikuwa kidogo mno, matone machache tu ya dawa ya fedha na rangi inageuka. Barakoa ikiachana na uso kwa upana wa kidole, hata hicho kinapotea. Kisha Hadija akanikumbusha jambo. Kule wodini walikuwa na desturi ya kumtekenya mtoto nyayo alie kabla ya kuwashiwa mashine, kwa kuwa wakunga waliowafunza walisema mtoto akilia kifua kinafunguka. Nikamliza Kibwana: nikavuta sirinji kwa mishtuko, kisha nikasukuma kwa muda mrefu, kama kilio kinavyokwenda. Hakikuingia karibu chochote. Mtoto anayelia anatoa tu, na pale anaponyakua hewa mvuke umeshapita pembeni.

Nilimpelekea Daktari hayo yote, na safari hii nikamwambia na yale nisiyokuwa na hakika nayo, karatasi nzima. Khamis akaanza kupewa mvuke akiwa usingizini, kifuani kwa mama yake, barakoa imezungushiwa pamba isiache mwanya. Na dawa ikaongezwa kidogo kidogo, Daktari ameshika mshipa.

Siku ya nne akanyonya. Baada ya wiki akawa analia kwa njaa kama watoto wa watu. Ilikuwa dawa? Ilikuwa kulala? Au ugonjwa ulikuwa umefika mwisho wake tu, na ungefika hata mashine ingekuwa boksini? Nilimuuliza Daktari, akasema, "Sijui." Nami sijui. Nimelala na swali hilo miaka yote hii, na kila nikidhani nimelijibu naona nimejijibu la kunipendeza.

Daktari alinishauri nisimwambie Mize. Alisema mama amechoka, mtoto amepona, hesabu zetu zitamsaidia nini? Alisema kwa huruma. Lakini mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimeshajua ladha ya kunyamaza. Siku wanayotoka nikaenda wodini. Mize alikuwa anafunga mizigo yake kwenye kanga, shemeji yake anamngoja nje, wanakwenda Pemba kwao akamalizie arobaini kwa mama yake. Khamis amelala kitandani, uso wazi.

Nikamweleza yote. Gozi, kisima, karatasi, siku tatu. Sikuwa na hakika ananifuata, kwa hiyo nikamaliza kwa maneno mafupi: "Mize, mwanao alinyimwa dawa siku tatu kwa kosa langu. Naomba radhi zako."

Aliendelea kufunga. Akakaza fundo, akalijaribu kwa mkono.

"Zile siku alizokuwa hashiki titi?"

"Ndizo."

"Mie nilijilaumu maziwa yangu," akasema. "Nilinywa uji wa pilipili manga mpaka tumbo likaniungua. Nikajua mie ndiye sina."

Nililia. Yeye hakulia. Akamnyanyua Khamis, akamweka begani.

"Nisamehe, mwenzangu."

"La kwangu nimekusamehe, dada. La maziwa. Lakini pumzi hazikuwa zangu, zilikuwa zake. Hiyo ni haki ya mja, na mie siwezi kuitoa kwa niaba yake. Huyu hajui kusema. Mngoje akue, umuombe mwenyewe."

Hakuna hasira katika sauti yake. Alisema kama mtu anayekuelekeza njia. Kisha akaniaga vizuri, akanipa mkono, akatoka.

Sikusikia habari zao tena. Mume naye alihama Tanga mwaka ule ule. Niliwaulizia kwa watu wa Pemba, wengine wakasema kuna Mize Wete, wengine Mize Mkoani, wote si yeye. Sijui kama Khamis alikua. Sijui kama kifua kilimrudia. Watu wa maabara mlishangaa kwa nini kila akija mgonjwa mwanamume anaitwa Khamis, mimi natoka ndani kumtoa damu mwenyewe wakati mimi mkuu. Mlisema Bi Mwanahawa ana uchu wa sindano. Nilikuwa namshika mkono, natafuta mshipa, na kumuuliza, "Mama yako nani, baba?"

Sasa nimeondoka, na pale kwenye dirisha la kupokea wagonjwa mnakaa nyinyi. Atakuwa mtu mzima, pengine ana watoto. Akija Khamis, mama yake Mize, mzaliwa wa kabla ya siku zake, muulizeni taratibu. Akisema ndiye, msimweleze kitu. Mwambieni tu kuna mwanamke mzee anayekaa Mabawa ana haki yake, anamngoja. Na kama kifua chake kinampa shida, msimwambie aje. Nipigieni simu, nitamfuata mimi.